Tuwafundishe watoto uchaguzi kabla hawajafundishwa ushabiki: niliyoyaona darasani, karibuni tujadili

Mwalimu wa Awali (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro, madarasa ya chini, awali hadi la tatu. Kuna jambo linanisumbua na naona linapita kimyakimya majumbani na mashuleni. Watoto wetu tunawakaririsha majina ya viongozi, lakini hatuwaambii kiongozi anafanya nini, kapewa kazi na nani, na kazi hiyo inaisha lini.

Muulize mtoto wa darasa la pili Rais wa nchi yetu ni nani, atakujibu hujamaliza swali. Waziri Mkuu atakujibu. Mkuu wa mkoa huenda akakujibu. Muulize sasa: mwenyekiti wa mtaa wenu ni nani, na kazi yake ni ipi? Hapo darasa zima linatazamana. Na mwenyekiti huyo anakaa jirani kabisa na kwao, ndiye aliyeshughulikia barua ya utambulisho ya mama yake, ndiye aliyeitwa siku mabomba ya maji yalipopasuka barabarani.

Mimi nimeamua kuanzia chini kwenda juu. Mtoto wa miaka sita akisikia "Rais" anawaza picha iliyotundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Ni mtu wa mbali sana kwake, na mtu wa mbali hawezi kumwona akifanya kazi. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji anamwona kwa macho. Nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na kote huko viongozi huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa 27 Novemba 2024. Hakuna mtoto Tanzania Bara anayeishi mahali pasipokuwa na kiongozi wa aina hiyo. Somo lipo mlangoni.

Jambo la pili ninalolikazania ni kutofautisha kiongozi aliyechaguliwa, aliyeteuliwa na mtumishi aliyeajiriwa. Watu wazima wengi hatuutofautishi huu mstari, ndiyo maana tunamlaumu asiyehusika. Mwenyekiti wa mtaa tumempigia kura. Afisa mtendaji wa mtaa, anayekaa naye ofisi moja, ameajiriwa, hatukumpigia kura wala hatuwezi kumtoa kwa kura. Diwani na mbunge tumewachagua. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa wameteuliwa na Rais. Waziri Mkuu anateuliwa na Rais halafu jina linapelekwa bungeni wabunge walithibitishe. Watoto wa darasa la tatu wanalielewa hili vizuri mno ukiwapa kadi za picha na mafungu matatu sakafuni wazipange. Wanabishana, wanahamisha kadi, mwisho wanakuja na swali zuri kuliko nililowaandalia. Mmoja aliniuliza: "Mwalimu, wewe tumekuchagua au umeteuliwa?" Nikamjibu nimeajiriwa, na nikamweleza mshahara wangu unatoka kwenye kodi ambayo hata yeye huilipa anapotumwa dukani kununua soda. Siku hiyo tulichelewa kutoka.

Sasa kura yenyewe. Watoto wa awali hawajui kusoma, kwa hiyo naweka makopo mawili nyuma ya kanga iliyotundikwa pembeni ya darasa. Hicho ndicho kituturi chetu, na nawafundisha neno hilohilo linalotumika kituoni. Kila kopo lina picha. Kila mtoto anapewa punje moja ya maharage, anaingia peke yake, anadumbukiza, anatoka, anapakwa wino wa kalamu kwenye kidole. Kila upande una wakala wake anayesimama karibu na mlango. Kuhesabu tunahesabu mbele ya wote, punje zinapangwa sakafuni kumi kumi, na matokeo yanaandikwa ubaoni. Hayafutwi mpaka wiki iishe.

Tunaanza kwa kupigia kura mambo, viongozi wanafuata baadaye. Kipindi cha michezo tucheze rede au kombolela? Mti tuupande karibu na bomba au karibu na lango? Mtoto anatakiwa kwanza aonje kwamba punje yake imebadilisha kitu. Na hapa ndipo penye uzito wote wa huu uzi: mwalimu au mzazi akishaitisha kura, lazima ayakubali matokeo. Kama hukuwa tayari wacheze kombolela, usiiweke kwenye kura. Ukiwaambia wachague halafu ukaamua unavyotaka wewe, umewafundisha kwa vitendo kwamba kura ni mchezo wa kupotezea watu muda, na somo hilo halitafutika kwa kitabu chochote cha uraia.

Baada ya hapo ndipo tunachagua kiongozi wa usafi, kwa wiki mbili tu. Muda ukiisha anatoka, hata kama alifanya vizuri. Akitaka tena anaomba tena.

Kuna kisa cha biskuti. Mgombea mmoja, mtoto wa darasa la tatu, alikuja na pakiti ya biskuti akagawa kwa wenzake asubuhi ya kura. Sikumgombeza. Nilisimamisha shughuli nikawauliza: nani amekula? Mikono ikanyooka. Nikauliza: biskuti zimeisha? Zimeisha. Usafi wa darasa utakuwa wa wiki mbili, biskuti imekaa tumboni muda gani? Wakaanza kujadiliana wenyewe, na mgombea mwenyewe akasema watu wasimpigie kwa sababu ya biskuti, wampigie kwa sababu anawahi shuleni. Alishinda, na nina hakika alishinda kwa kuwahi. Wakubwa mtakumbuka tulikuwa na sheria iliyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, wakati wa kampeni, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Taifa zima lilihitaji majaji kulisema jambo ambalo watoto wa miaka tisa wanaweza kulifikia wakipewa nusu saa.

Kitu cha mwisho kabla sijawapisha. Yapo mambo hayapigiwi kura, na watoto walijue hilo mapema. Darasa moja walitaka tupige kura ili mwenzao mmoja asikae dawati la mbele, kwa sababu ananuka mkojo. Nilikataa hapohapo. Niliwasomea ibara ya 12 ya Katiba yetu: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Sentensi fupi, mtoto wa darasa la kwanza anaikariri. Wengi wakishinda kura hawapati ruhusa ya kumuonea mmoja.

Nawakaribisha. Wazazi, walimu, hata wasiokubaliana nami.

Baba Wawili

Mwalimu, uzi mzuri na nimeusoma wote, ila nina shaka. Mimi nina watoto wa miaka mitano na minane. Siasa za nchi hii zimegombanisha ndugu. Kwenye familia yangu kuna watu hawasalimiani tangu uchaguzi wa 2015. Sasa mtoto wa awali wa nini kumwingiza huko? Si bora ajue kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu, hayo mengine atayakuta ukubwani?

Mwalimu wa Awali

Baba Wawili, shaka yako ni ya mzazi anayejali, nakuelewa. Lakini hao ndugu wasiosalimiana hakuna aliyewaingiza kwenye siasa utotoni, na bado wamegombana. Walichokosa ni kujifunza kushindwa. Mtoto aliyeshindwa kura ya rede akiwa na miaka sita, akacheza kombolela na wenzake na akarudi nyumbani akicheka, amejifunza kitu ambacho ndugu zako wanakihitaji leo.

Kuhusu kusoma na kuhesabu, ukipanga maharage kumi kumi na kuuliza nani kazidi na kwa ngapi, hilo ni somo la hesabu kamili. Mimi darasani sitaji chama wala rangi ya chama, na mwalimu anayetaja anakosea. Nyumbani nawaomba wazazi jambo moja: msimvalishe mtoto sare za kampeni na msimpandishe jukwaani kuimba kumtukana mgombea. Mtoto anaimba asichokielewa, na kesho anakaa dawati moja na mtoto wa yule aliyetukanwa.

Mzee wa Kilosa

Marahaba mwanangu. Umenikumbusha mbali.

Mwaka 1965 nilikuwa mtoto, nikamfuata baba kituoni. Enzi hizo chama kilikuwa kimoja, TANU huku Bara, lakini ubunge uligombewa na watu wawili katika majimbo mengi. Kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Urais ulikuwa kura ya ndiyo au hapana. Basi sisi watoto kijiji kizima tulijigawa, hawa jembe, hawa nyumba. Wapambe wa jembe wakijigamba kwamba jembe ndilo linalotulisha sote. Wa nyumba wanajibu: ukishalima, mvua ikinyesha utalala ndani ya jembe? Tulicheka sana, lakini ukweli ni kwamba watu walikuwa wanaijadili alama, mgombea mwenyewe wakamsahau.

Nakwambia hivi kwa sababu ya hayo makopo yako. Angalia picha unazobandika. Ukiweka simba na panya, watoto watachagua simba hata kama simba ndiye mwenye hoja mbovu.

Mwalimu wa Awali

Mzee wangu, asante sana. Hili la jembe na nyumba nitawasimulia watoto, maana linawaonyesha kuwa hata babu zao walipiga kura kwa picha, siyo wao tu.

Na onyo lako ni la kweli. Kwa mambo, picha ni ya jambo lenyewe: mpira wa rede upande mmoja, mtoto anayejificha upande wa pili. Kwa wagombea, naweka michoro ya nyuso zao waliyochorana wenyewe, karatasi zenye ukubwa mmoja na kalamu ya rangi moja. Hata upande gani kopo linakaa tunapiga sarafu mbele yao, maana watoto wadogo wanapenda kudumbukiza kwenye kopo la kwanza wanaloliona.

Mkaazi wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mie natoka Unguja, na huku kwetu kazi ni pevu zaidi, mwalimu. Uchaguzi mkuu nyie Bara mnapewa karatasi tatu: Rais, mbunge, diwani. Sisi tunazo tano: Rais wa Jamhuri ya Muungano, mbunge, Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Na tume ni mbili, ya Taifa na ya kwetu, ZEC. Mwanangu wa miaka saba aliniuliza: "Baba, kwa nini sisi tuna marais wawili?" Nikaona nimkalishe kitako.

Nilichukua sahani mbili. Kwenye sahani moja niliweka vitu vya Muungano: jeshi, polisi, pasi ya kusafiria, fedha tunayotumia. Nyingine nikaweka skuli yake, hospitali ya Mnazi Mmoja, karafuu. Nikamwambia sahani hii anaisimamia huyu, na hii anaisimamia yule. Akafahamu. Halafu akauliza mbunge anakwenda wapi na mwakilishi anakwenda wapi. Nikamwambia mbunge anakwenda Dodoma, mwakilishi anakwenda Baraza la Wawakilishi hapahapa Zanzibar.

Kwenye mafungu yako matatu, huku kwetu ongeza sheha. Watoto wote wanamjua sheha, ndiye serikali ya kwanza wanayoiona, lakini hapigiwi kura, anateuliwa. Kwa hiyo ile ya kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa huku haiendi sawasawa. Mimi naanzia kwa diwani.

Na moja jengine. Tangu kura ya maoni ya 2010 katiba yetu ina Serikali ya Umoja wa Kitaifa, kwamba aliyeshindwa kwa kiwango fulani cha kura naye ana nafasi serikalini, Makamu wa Kwanza wa Rais. Mtoto akishapoteza kura ya mchezo, mpe kazi: awe mshika saa, awe msuluhishi. Asikae pembeni kununa. Kwetu tumelipa gharama kubwa mpaka kulifikia hilo, sipendi watoto wetu waanze upya.

Mwalimu wa Awali

Waalaykum salaam kaka. Sahani mbili hizo nazichukua, na la sheha umenipanua. La kumpa kazi aliyeshindwa naanza nalo muhula huu.

Mama Kadogo, Nakuru

Hamjambo majirani. Nimeona uzi huu nikaona nichangie kutoka Kenya, maana mambo yetu ni tofauti kidogo lakini maswali ya watoto ni yaleyale.

Sisi tunapiga kura sita siku moja: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA. Kila karatasi na rangi yake na sanduku lake. Kwa hiyo mtoto wangu wa Gredi ya 4 alipoanza kusoma kuhusu kaunti, swali lake la kwanza lilikuwa: mbona viongozi wengi hivi? Nilimwonyesha kwa vitu vya mtaani. Barabara ndogo ya kwetu na zahanati ni ya kaunti, kwa hivyo gavana na MCA. Barabara kuu ya kwenda Nairobi ni ya serikali kuu. Chekechea ya dadake iko chini ya kaunti, shule yake ya msingi iko chini ya serikali kuu. Hapo ndipo alishangaa kabisa, kwamba watoto wawili wa nyumba moja elimu yao inasimamiwa na serikali mbili.

Lakini kitu nilichotaka kuwaambia ni fomu 34A. Agosti 2022, IEBC, tume yetu ya uchaguzi, iliweka kwenye tovuti fomu za matokeo ya urais kutoka kila kituo, zaidi ya 46,000, na mtu yeyote angeweza kuzifungua na kujumlisha. Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka kumi. Tulikaa mezani tukafungua fomu ya kituo nilichopigia kura mimi, ambacho ni shule yake mwenyewe. Akasoma majina manne, akasoma kura, akajumlisha, akaangalia kama jumla inalingana na ile iliyoandikwa chini. Ililingana. Akataka kituo kingine. Usiku huo nilimlazimisha kulala.

Matokeo yalipotangazwa, Ruto 7,176,141 na Raila 6,942,930, akachukua kalamu akatoa: 233,211. Kisha akaniuliza kama watu hao wanajaa uwanja wa Kasarani. Nikamwambia wanaujaza mara kadhaa. Halafu kesi ikaenda Mahakama ya Juu, na Septemba majaji wakathibitisha matokeo. Nilimweleza pia kwamba mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliyafuta matokeo ya urais na kura ikarudiwa. Alichobaki nacho kichwani ni kwamba hesabu ya kura inaweza kukaguliwa, hata na mtoto. Sisemi kila kitu kwetu ni kizuri, mnajua tulikotoka na vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Lakini mtoto aliyewahi kukagua fomu kwa kalamu yake haamini uvumi kirahisi.

Mwalimu wa Awali

Mama Kadogo, mchango wako umenigusa sana. Huku kwetu matokeo ya kituo hubandikwa nje ya kituo baada ya kuhesabu, na vituo vingi viko shuleni. Mzazi anaweza kwenda na mtoto wa darasa la tano wakasoma pamoja kile kilichobandikwa. Nitalipeleka hili kwa walimu wa madarasa ya juu.

Mama Wawili wa Kimara

Mwalimu, naomba unisaidie kwa moyo wote, maana wengine mnaongelea kura za maharage na mimi mwanangu ana swali jingine kabisa.

Ana miaka minane. Wiki ile ya uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 tulikuwa ndani Dar es Salaam. Mtandao ulizimwa, usiku ilikuwa marufuku kutoka, na tulisikia milio. Mtandao uliporudi akaona video kwenye simu ya binamu yake kabla sijaiwahi. Mpaka leo akisikia neno uchaguzi anashika mkono wangu. Aliniuliza: "Mama, ukipiga kura unakufa?" Sikuwa na jibu la kutosha. Nimwambie nini?

Mwalimu wa Awali

Dada yangu, pole sana. Swali lako ndilo zito kuliko yote kwenye huu uzi, nami nakujibu kama mwalimu niliyekuwa na watoto wa namna hiyo darasani shule zilipofunguliwa.

Usimwambie hakuna kilichotokea. Amesikia, ameona. Ukimkatalia, ataacha kukuuliza wewe na atamuuliza yule binamu mwenye simu. Anza kwa kumuuliza yeye anajua nini, umsikilize mpaka mwisho, maana mara nyingi mtoto amebeba jambo kubwa kuliko lililotokea, au amechanganya. Mmoja darasani kwangu aliamini kwamba kila aliyepakwa wino atafuatwa. Hilo niliweza kuliondoa kwa maneno machache, na nisingelijua kama nisingeuliza.

Kisha mpe ukweli kwa kipimo chake. Mwambie: kulikuwa na watu waliokasirika, waliandamana, kukatokea vurugu na nguvu kubwa ikatumika, na watu walipoteza maisha, na hilo ni jambo la kuhuzunisha sana kwetu sote. Mwambie kupiga kura hakuui mtu. Kura iliwekwa ili watu waweze kutofautiana bila mtu kuumizwa, na panapotokea watu wanaumizwa, ina maana kuna kitu hakikwenda kama inavyotakiwa, na ni kazi ya watu wazima kukitengeneza. Usimwambie nani mbaya na nani mzuri. Siyo kwamba hayo hayana majibu, ila mtoto wa miaka minane akipewa adui, hana pa kumpeleka. Atampeleka kwa mtoto wa askari anayesoma naye.

Zile video asiangalie tena, na wewe usiangalie akiwa karibu. Akilala vibaya au akiacha kula kwa muda mrefu, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ina maafisa wa kazi hiyo, usione aibu kwenda. Na usimlazimishe kushiriki mchezo wa kura. Mwache ahesabu tu punje kwanza, au asimame awe karani. Yule mtoto wangu wa wino alikataa kupakwa kidole kwa wiki kadhaa, tukamwachia. Siku alipotaka mwenyewe alileta kidole bila kuambiwa.

Mama Wawili wa Kimara

Nimelia kidogo nikisoma hapa. Asante mwalimu. Leo jioni nitamuuliza yeye anajua nini.

Mzazi wa Arusha

Mimi nina dukuduku. Shule anayosoma binti yangu, ya binafsi, walifanya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kampeni na mabango kabisa. Binti wa darasa la sita akashinda udada mkuu kwa kura nyingi. Kesho yake walimu wakatangaza jina jingine, wakasema mshindi ana kelele darasani. Binti yangu hakuwa mgombea, lakini amerudi nyumbani akisema: "Baba, sasa kwa nini tulipanga foleni?" Shule inasema wao ndio wanaojua nidhamu ya mtoto. Mwalimu, unasemaje kwa wenzako?

Mwalimu wa Awali

Nasema wamekosea, na nalisema nikiwa mwalimu ninayejua presha ya nidhamu ilivyo. Sifa za mgombea huwekwa kabla ya kura. Katiba inasema anayegombea urais awe ametimiza miaka 40, na anayegombea ubunge awe na miaka 21 na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Hayo yanachujwa kwenye fomu, wananchi hawajapanga foleni bado. Shule nayo ilitakiwa kubandika sifa zake kwenye ubao wa matangazo: mahudhurio, nidhamu, mwaka gani wa masomo. Asiye nazo anaambiwa mapema na kwa nini. Ukishamruhusu agombee, umeshamkubali.

Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kushiriki katika maamuzi yanayohusu maisha yake. Watoto wale walishiriki na wakanyang'anywa. Ushauri wangu, nenda kwenye kikao cha wazazi uombe mambo mawili tu: matokeo halisi yabandikwe, na huyo binti apewe kazi yake pamoja na mwalimu mlezi wa kumsaidia kwenye hizo kelele. Usiende kwa ugomvi. Walimu wengi tumelelewa kwenye mfumo ambao kaka mkuu na dada mkuu walichaguliwa na walimu, kwa hiyo hawaoni tatizo mpaka waonyeshwe.

Tena mwangalie na jambo jingine hapo shuleni kwenu: je, wasichana wanagombea nafasi zote au ni dada mkuu tu? Nchi imekuwa na Rais mwanamke tangu 19 Machi 2021, lakini bado darasani kwangu watoto wakisema "kiongozi" wanamchora mwanaume mwenye suti, na msichana anachorwa akiwa msaidizi. Mimi nafasi ni moja, mvulana na msichana wanagombea pamoja.

Kijana wa TAMISEMI (siyo msemaji)

Nachangia kidogo kwa upande wa sheria. Wengi hawajui kwamba sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa ule utaratibu wa mbunge au diwani kupita bila kupingwa. Akibaki mgombea mmoja, bado wananchi wanampigia kura ya ndiyo au hapana. Hili linafundishika kwa watoto. Siku hakuna anayetaka kugombea usafi isipokuwa mmoja, usimpitishe tu. Weka kopo la ndiyo na kopo la hapana.

Pia kuna mkutano wa kijiji au wa mtaa, ambako mapato na matumizi husomwa. Wapiga kura wake ni wa miaka 18 na zaidi, lakini mtoto kukaa pembeni na mzazi wake akasikia fedha za choo cha shule zimetumikaje, hakuna ubaya.

Mwalimu wa Awali

Mkuu, la ndiyo na hapana nilikuwa silitumii darasani, nitalianza. Na mkutano wa mtaa nawahimiza wazazi waende nao kweli. Mtoto akimsikia baba yake anasimama, anauliza swali la fedha kwa adabu na kujibiwa, hilo linazidi vipindi vyangu vingi.

Baba Wawili

Mwalimu, nimerudi. Nimesoma michango yote na nimezungumza na mama watoto, tunataka kujaribu nyumbani Jumamosi. Tatizo tuko wanne: mimi, mama yao na watoto wawili. Kura inahusu Jumapili twende kwa bibi Kihonda au tubaki tupike pilau. Nahofia watoto wako upande mmoja na sisi upande mwingine. Ikifungana mbili kwa mbili tunafanyaje? Na wa miaka mitano naye kura yake iwe sawa na yangu kweli?

Mwalimu wa Awali

Kura yake iwe sawa na yako, punje moja kwa punje moja. Kama jambo ni zito kiasi kwamba huwezi kulikabidhi kwa mtoto wa miaka mitano, kama ada au matibabu, usiliweke kwenye kopo. Kwa bibi au pilau, anaweza.

Ikifungana, kubalianeni utaratibu sasa hivi kabla hamjapiga. Kwangu mimi huwa hivi: kila upande unapewa nafasi ya kusema kwa nini, dakika moja moja, mdogo akianza, halafu kura inarudiwa kwa siri. Ikifungana tena, sarafu. Na upande utakaokosa Jumapili hii unapata Jumapili ijayo bila kura, mwandike kwenye kalenda ya ukutani mbele yao. Andaa maharage mengi kidogo, maana wa miaka mitano atataka kurudia hata kama ameshinda.